Hapana ya Irpi

Kohkatola, 2 Aprili 1996

Mdogo wangu Lalsu,

Johar. Natumaini basi lilikufikisha Nagpur salama.

Huku si kwema. Siku ile ile uliyoondoka, jua likiwa bado changa, moto uliwaka upande wa miti ya mahua, ukavuka kijito kikavu na kuingia kwenye mianzi yetu. Tulipigana nao kwa matawi mpaka jioni. Mianzi ya mteremko wa mashariki imekwisha yote. Ile tuliyoilinda kwa zamu miaka yote hii, ile tuliyosema mwaka huu tutaikata pamoja na kila nyumba ipate sawa na jirani yake, sasa ni majivu. Hakuna aliyekufa. Mzee Raisu ameungua mkono na anaendelea kutuamrisha kwa ule mwingine.

Unajua watu walitazama wapi. Njia ya moto ilianzia penye miti ya Chamru, na Chamru ndiye aliyebisha kuliko wote ulipotuletea lile katazo la kuchoma majani makavu chini ya mahua ili maua yaokoteke kwa urahisi. Unakumbuka alivyosema: "Maua yangu yanaanguka katikati ya majani makavu. Mnataka niyapigie magoti majani, niyaambie tafadhali sogeeni?" Kikao kizima ndani ya gotuli kilicheka, na yeye akakubali mwishoni kwa sababu njaa ilimshika. Sasa kicheko kile kimemgeukia. Anasema hakuchoma, na watu wanasema nani mwingine.

Kikao kimekaa. Limetolewa wazo kwamba Chamru na mkewe Sonu waondoke Kohkatola. Kila mtu amesema ndiyo. Mimi nimesema hapana.

Hakuna aliyeniuliza sababu. Hawawezi, maana utaratibu huu uliuleta wewe. Ulisema sisi hatuhesabu mikono, hapana ya mtu mmoja inatosha kutusimamisha, na anayesema hapana haulizwi sababu, ila wote tunakaa naye mpaka abadilike yeye au tubadilike sisi. Na jambo moja likiwa halijafungwa, jingine halifunguliwi. Basi wamekaa wananitazama, nami nawatazama.

Nikuulize kitu kidogo. Asubuhi ile ulipita njia gani kwenda barabarani?

Dada yako,
Irpi

*

Nagpur, 9 Aprili 1996

Dada yangu Irpi,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, viatu mkononi. Mianzi yetu. Nimekuwa nikizunguka wilaya hadi wilaya nikiwaeleza watu jinsi Kohkatola ilivyoacha kungoja serikali, ikaushika msitu wake yenyewe bila mkubwa wala mdogo, na sasa mtu mmoja mwenye kiberiti ameharibu kazi ya miaka kwa ajili ya kikapu cha maua.

Nieleweke vizuri, sina chuki na Chamru. Tumekua pamoja, ananichekesha mpaka leo. Lakini kosa lake si moto peke yake. Alikaa nasi, akasema ndiyo kwa mdomo wake, kisha akavunja. Kijiji kisicho na polisi wala jela kina kitu kimoja tu cha kukishikilia, nalo ni neno la mtu. Neno likivunjwa na aliyelivunja akaendelea kuteka maji kisimani kama kawaida, kesho kila mtu atavunja.

Najua una huruma. Tangu utotoni ulikuwa ukificha vifaranga mama asiviuze. Lakini hapana tuliiweka ili imlinde mtu dhidi ya uonevu, hatukuiweka ili mtu ajifungie ndani yake kwa huruma. Na katikati ya Mei nina wageni, watu waliosoma, wanaotoka mbali kuja kuona kijiji kinachoamua kwa kauli moja. Nitawaonyesha nini? Watu wamekaa wamenuna?

Kubali, dada. Au kama huwezi kutamka ndiyo, siku hiyo ubaki nyumbani unaumwa mgongo.

Nilipita njia ya siku zote. Kwa nini unauliza?

Mdogo wako,
Lalsu

*

Kohkatola, 17 Aprili 1996

Lalsu,

Barua hii usiisomee ofisini.

Kwanza nikupe habari za kikao, kwa kuwa unapenda kuvisimulia. Tunakaa kila jioni. Mzee Raisu anafungua, anauliza kama kuna neno jipya, na hakuna. Mwanzoni walinitania. "Dada Irpi, tukuletee mto uegemee?" "Msimsumbue, anatotoa mayai." Sasa hawatanii tena. Kisimani wanawake wanajaza vyungu vyao na kuondoka kabla sijaitua ndoo. Baba Mainu anakula akiwa amenigeuzia mgongo. Ameniambia neno moja tu wiki nzima: "Na harusi?" Maana harusi ya binti yetu Mainu nayo ni jambo linalongoja kikao, na kikao kimenasa kwangu. Mtoto halalamiki. Anapanga sari zake, anazikunjua, anazipanga tena.

Sonu ameacha kutoka nje. Chamru anakaa barazani mwa gotuli tunapomjadili, kama desturi inavyotaka, na kuta zetu unazijua, anasikia kila kitu.

Sasa jibu la swali lako. Siku ile nilikuta kitanda chako kitupu, nikadhani umewahi basi. Nikachukua kikapu nikaenda kwenye ule mti wa mahua wa mama, huku nikiwaza mgongo huu utanifikisha wapi kwa kuinamia jani moja moja. Nikakuta chini ya mti peusi, pasafi, na maua yamelala juu ya majivu kama wali uliomwagika. Lalsu, nilifurahi. Sikukumbuka katazo, sikukumbuka kikao. Nilijisemea, mdogo wangu bado ana habari na mgongo wangu. Nikaokota mpaka kikapu kikajaa, nikarudi nikayaanika. Moshi tuliuona baadaye, ukitoka upande wa miti ya Chamru, kule upepo ulikokuwa ukielekea. Sasa kote ni kweusi na hakuna anayeweza kutofautisha.

Ni wewe.

Maua yale bado yamo ndani. Sijayapika, sijayauza, na siwezi kuyatupa kwa sababu watu wataona.

Mimi sitakusema. Nimekubeba mgongoni mwangu, siwezi. Lakini Chamru hataondoka hapa kwa ndiyo yangu. Kati ya mambo hayo mawili ndipo nilipokaa, na pamebana. Wa kunitoa hapo ni mtu mmoja tu, na yuko Nagpur.

Irpi

*

Nagpur, 26 Aprili 1996

Dada,

Niliuzima. Nakuapia kwa jina la mama. Niliwasha kidogo tu, mzunguko mdogo chini ya matawi, kama alivyotufundisha mwenyewe, nikausimamia, kisha nikaupiga kwa matawi mabichi na kuukanyaga mpaka soli zikanuka. Hapakuwa na moshi nilipoondoka. Hata sikuwaza kama navunja katazo. Mikono ilifanya yenyewe. Nilikuwa nakuwaza wewe umeinama.

Ulipoandika kwamba mianzi imeungua nilijiambia huo ni moto mwingine. Asubuhi huwa naamini hivyo. Jioni siamini. Siku ile nilipokuandikia kuhusu kiberiti cha Chamru ilikuwa asubuhi.

Nionee haya, nitukane, lakini unisikilize. Mimi nikisimama kesho nikasema ni mimi, sianguki mimi peke yangu, linaanguka jambo zima. Kuna wakubwa wanaosubiri kwa hamu kusema kwamba watu wa msituni hawawezi kujitawala, na kwamba mianzi irudishwe mikononi mwa wenye akili. Watasema, angalieni, hata aliyewatungia katazo ndiye aliyechoma. Vijiji vingine vimeanza kutufuata. Vitaacha. Je, haki ya Chamru ni kubwa kuliko hayo yote? Sijui. Nauliza kweli.

Chamru ni mtu wa kujitafutia, ataishi popote. Akikaa nje mwaka mmoja au miwili, mimi mwenyewe nitaleta wazo kwamba arudishwe. Nitalisimamia.

Nimefunga pamoja na hii barua nyingine ya kusomwa kikaoni. Ndani yake nimependekeza kwamba kwa jambo hili moja tu, kwa sababu limekwama mno, mikono ihesabiwe. Hivyo wewe hutalazimika kusema ndiyo. Hapana yako itabaki hapana, na mambo yataendelea. Nimefikiria namna ya kukuondolea mzigo.

Lalsu

*

Kohkatola, 6 Mei 1996

Lalsu,

Barua yako ilisomwa. Mainu ndiye aliyeisoma, kwa kuwa sauti yake inafika nyuma. Alipofika pale penye kuhesabu mikono alisimama, akarudia mstari, akidhani amekosea.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha Mzee Raisu akasema kwamba kubadili utaratibu nako ni jambo la kikao, kwa hiyo lazima wote tukubali kwanza. Wakanigeukia. Umeona ulivyoniondolea mzigo? Hata kunyamazishwa ilibidi nikubali mwenyewe.

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimefungua mdomo. Chamru akaingia bila kuitwa, akasimama katikati huku anapangusa miguu, kana kwamba amekuja kuazima jembe.

"Nimechoka kusikia jina langu likipita ukutani," akasema. "Hilo la kuhesabu mikono liacheni. Leo mtahesabu kwa ajili yangu, kesho kwa ajili ya mwingine, mwisho nyumba zenye watoto wengi ndizo zitakuwa kijiji na sisi wengine tutakuwa wapangaji. Mimi ni mkorofi, najijua, lakini ukorofi wa namna hiyo, wa kuivunja kauli moja, haumo kwenye ukoo wetu. Naondoka mwenyewe. Na wewe dada Irpi, shuka sasa kwenye hiyo hapana yako, umekaa juu yake mpaka imepata joto."

Wengine walicheka, Lalsu. Walicheka kwa kushukuru. Mzee Raisu mwenyewe, na mkono wake ulioungua, alimkumbatia.

Waliondoka kesho yake, yeye na Sonu, kwenda kwenye tanuri la matofali huko njia ya Chandrapur. Sonu alikuja kuniaga, akanigusa miguu, akasema hatanisahau kwa kuwa nilimwamini mumewe peke yangu. Nilimwacha aseme. Nilikuwa na mahali pa kumkatiza na sikumkatiza.

Sasa kila kitu ni shwari. Wanawake wananingoja kisimani. Baba Mainu ameniletea machipukizi ya mwanzi niyakaange, ndio amani yake hiyo. Hakuna aliyefukuza mtu na hakuna aliyehesabu mikono, kwa hiyo kila mtu anajiona mwema. Wageni wako walete tu. Watakuta kijiji cha kauli moja.

Ila kwangu usifikie.

Irpi

*

Nagpur, 13 Mei 1996

Dada,

Wageni nimewaandikia wasije. Nakuja mimi, siku ya soko. Mwambie Mzee Raisu afungue kikao, usimwambie cha nini. Sikuombi unikaribishe, nitakaa barazani mwa gotuli.

Jana nilikuwa naeleza watu habari zetu mahali fulani. Nilifika pale ninaposema kwamba kwetu hakuna anayeachwa nje, na sauti ikakatika. Walinipigia makofi, wakidhani ni hisia.

Lalsu

*

Kohkatola, 24 Mei 1996

Mdogo wangu Lalsu,

Uliongea vizuri. Hukujipamba, hukutaja vijiji vingine wala wakubwa wanaosubiri. Ulisema ni wewe, ukasema ulifanyaje, ukasema uliandika nini ukijua nini. Nilitaka kuja kukushika mkono, na sikuja. Kisha ukatoka nje kama desturi, na Mzee Raisu akakuambia uende zako Nagpur, habari zitakufikia. Ndizo hizi.

Walikusamehe kabla hujafika kisimani.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Mzee Raisu alisema, "Mtoto wetu ameteleza. Nani hapa hajawahi kuchoma majani?" Mwingine akasema hata yeye mwaka huu alichoma kidogo, ila upepo wake ulikuwa mzuri. Wakacheka. Mwingine akasema, "Amefanya kwa ajili ya mgongo wa dadake, hilo nalo ni kosa?" Wakasema umetuandikia barua ngapi za kudai msitu, umetusimamia wapi na wapi, na kama si wewe leo tungekuwa tunaomba ruhusa ya kukata fito. Yote hayo ni kweli. Likatolewa wazo kwamba usamehewe na jambo lifungwe. Ndiyo ikaanza kuzunguka, nyumba kwa nyumba, nyepesi kabisa. Ilipofika kwangu walikuwa wameshaanza kutafuta viatu.

Nikasema hapana.

Ungeona nyuso zao. Baba Mainu aliuziba uso wake kwa kiganja. Mzee Raisu akasema, "Irpi, huyu ni ndugu yako wa tumbo moja." Nikasema namjua. Hawakuniuliza sababu, lakini wewe nitakupa bila kuulizwa, na wao pia niliwapa.

Chamru alikaa pale nje mwezi mzima akisikia tunavyomkata vipande, na hakufanya kitu. Wewe umefanya, na lako tumelimaliza kwa kikao kimoja, tena kwa vicheko. Kwa nini? Kwa sababu Chamru ana mdomo mchafu na wewe una mdomo mzuri. Kwa sababu yeye anatubishia na wewe unatusifia mbele za watu. Kama tunapima hivyo, basi tusijidanganye kwamba tumejitenga na dunia ya huko kwenu. Tunao wakubwa na wadogo, ila hatujawapa vyeo. Na mimi nimo. Nilikuficha kwa kuwa ni wangu. Kama aliyewasha angekuwa mtoto wa mwingine, ningemtaja siku ya kwanza, tena kwa sauti.

Sitaki ufukuzwe. Hilo nalo niliwaambia, wasije wakaona njia ya mkato. Nataka Chamru arudi kwanza. Msamaha wako si wetu kuutoa akiwa hayupo, maana sisi hukututendea kitu kama ulichomtendea yeye. Nenda kamlete. Siku atakayoingia gotuli na kukaa mahali pake, nitasema ndiyo, na nitakupikia.

Mainu alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilijua amehesabu siku zake za harusi tena na tena, nami nikaogopa kumtazama. Akaja akakaa pembeni yangu, akasema kwa sauti ile ile ya kusomea barua: "Na mimi hapana."

Basi tuko wawili. Jambo liko wazi, na mengine yote yamelala.

Dada yako,
Irpi

*

Tanuri la matofali, njia ya Chandrapur, 8 Juni 1996

Dada Irpi,

Nimemkuta. Alikuwa anageuza matofali mabichi juani, kichwani amefunga taulo. Sonu aliniona kwanza, akaingia kibandani. Chamru alinyanyua uso akasema, "Mwalimu. Umetuletea wageni waje kutuona?"

Nikamweleza yote. Kwamba nimesema kikaoni, kwamba wewe na Mainu mmekataa nisamehewe, kwamba nimekuja kumwomba arudi. Alisikiliza huku anageuza matofali. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilikuona."

Asubuhi ile alikuwa nyuma ya mti wake. Anasema alikuja na kiberiti mfukoni na alikuwa anapigana na nafsi yake, awashe asiwashe, maana alishasema ndiyo mbele ya watu. Ndipo akaona mtu anachoma chini ya mti wa mama, akatazama vizuri, akaona ni mimi. "Nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa utanisikia," akasema. "Nikarudi nyumbani sikuwasha. Nilisema nitakutania nalo hilo mpaka uzeeke."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kikaoni.

"Nani angeniamini? Mimi ndiye Chamru, wewe ndiye mwenye katazo. Halafu nikasema ngoja, atasema mwenyewe. Si ndiye aliyetufundisha? Nikangoja. Nilikuwa nangoja hata Mainu alipofungua barua yako. Nilidhani ndiyo hiyo."

Niliketi chini, dada. Nililia mbele yake, na hakunizuia wala hakunisaidia. Nilipomaliza kulia nikamwomba tena arudi nyumbani.

Akasema hapana.

Sikumuuliza sababu. Nimezungumza na msimamizi, amenipa kazi ya kubeba. Ofisi ya Nagpur nimeiandikia kwamba sijui nitarudi lini. Viganja vimechubuka na wenzangu wananiita Bwana Karani. Sonu hunipa uji wa mtama jioni, anauweka chini mbali kidogo na mimi na kuondoka. Mvua zikianza tanuri litafungwa na watu watatawanyika kutafuta vibarua kwingine. Atakakokwenda nitakwenda.

Mwambie Mzee Raisu asilifunge jambo kwa ajili yangu. Mwambie Mainu namwomba radhi kwa harusi.

Leo asubuhi nimemwomba tena. Amesema hapana. Nimekaa naye.

Mdogo wako,
Lalsu